Bafu la Zamani Arusha: Pesa Ifuate Maji

Nyumba za zamani za Kaloleni, Sekei, Themi na Kijenge zina mabafu yanayofanana: chumba cha mita 1.5 kwa 2.1, sakafu ya niru nyekundu (saruji iliyolainishwa hadi kung'aa) iliyopasuka, dirisha la luva lililobaki na vioo viwili, bomba la chuma linalotoa maji ya kutu kila asubuhi, na tanki la choo linalovuja usiku kucha. Mwenye nyumba akipata fedha kidogo, kitu cha kwanza anachoulizia dukani ni marumaru. Hapo ndipo fedha inapoanza kupotea. Marumaru zikibandikwa juu ya bomba lililooza, siku bomba likitoboka zitavunjwa zilezile, na kupata nyingine za rangi ileile baada ya mwaka ni bahati nasibu, maana viwanda hubadilisha rangi na nakshi mara kwa mara.

Sisi tunaoishi kwa kazi hii tuna utaratibu mmoja: pesa ifuate maji. Kwanza maji yanayoingia, kisha yanayotoka, kisha yanayopenya sakafuni na ukutani, na mwisho kabisa kile kinachopendeza macho. Fedha ikiishia katikati, umebaki na bafu lisilo na sura lakini linalofanya kazi, utaendelea mwezi ujao. Ukianza na sura kisha ukaishiwa, umebaki na pambo usiloweza kuogea.

Kabla ya kununua hata msumari, kagua. Funga koki zote, nenda kwenye mita ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, uangalie kile kigurudumu kidogo kwenye kioo. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mvujo. Fanya hivyo usiku, kwa sababu usiku watumiaji ni wachache na msukumo wa maji kwenye mabomba hupanda, hivyo mvujo uliojificha mchana hujitokeza. Kama una simtanki, subiri lijae au funga koki yake, la sivyo utayaona maji yanayojaza tanki ukadhani ni mvujo. Tanki la choo nalo lina kipimo chake: mimina kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya tanki, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia ndani ya sinki la choo. Rangi ikishuka, raba ya chini imekwisha. Raba hiyo ni kitu kidogo sana ukilinganisha na seti nzima ya choo ambayo dukani wataanza kukuonyesha. Halafu fungua chemba nje (kishimo chenye mfuniko linakopita bomba la maji machafu), mimina ndoo ya maji chooni, tazama yanavyofika. Yakifika kwa kusitasita au chemba ikiwa na maji yaliyosimama, tatizo liko kwenye bomba au shimo, na hakuna ukarabati wa ndani utakaolitibu.

Mwisho wa ukaguzi, gonga kuta na sakafu kwa mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti ya uwazi, lipu au marumaru imeachana na ukuta. Weka alama kwa chaki. Alama zikiwa chache, unabomoa hapo tu. Fundi anayesema, "Mama, tubomoe yote tuanze upya," bila kugonga hata mara moja, huyo anajipangia siku za kazi.

Uamuzi unaookoa fedha kuliko mwingine wowote ni huu: choo kibaki palepale kilipo. Bomba la choo la inchi 4 linahitaji mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukikisogeza choo mita moja na zaidi, utavunja sakafu, utachimba chini zaidi, na unaweza kukuta chemba ya nje haina kina cha kupokea mteremko mpya, ikabidi nayo ivunjwe. Kuhamisha beseni la kunawia au bomba la kuogea si kazi kubwa, lakini choo kikihama kinahama na mfuko wako.

Sinki la choo lenyewe, kama halina ufa, libaki. Uchafu wa njano na wa kahawia hutoka. Asidi ya chooni huutoa haraka, ila itumie dirisha likiwa wazi, glavu mkononi, na kamwe usiichanganye na jiki: mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na bafu dogo lenye dirisha moja ndipo mahali pabaya zaidi pa kuivuta. Usiimwage sakafuni pia, maana asidi hula saruji na grauti (kijazio cha nafasi kati ya marumaru), na mvuke wake hutia kutu koki. Badilisha vya ndani ya tanki tu, yaani valvu ya kujaza na ya kuflashia. Matanki mengi ya zamani humwaga lita 9 kwa mkupuo. Ya sasa ni lita 6, na kwa mkojo 3. Familia ya watu watano, kila mmoja akiflashi mara nne, inaokoa lita 60 kwa siku hata kama wote watabonyeza kile kitufe kikubwa. Watu huweka chupa iliyojaa maji ndani ya tanki la zamani ili kupunguza ujazo. Ni sawa ikiwa sinki linasafishika. Kwenye masinki ya zamani yaliyotengenezwa kwa lita 9, mara nyingine unaishia kuflashi mara mbili na hujaokoa kitu.

Ikibidi kununua sinki jipya, nenda dukani na vipimo. Kama tundu liko sakafuni, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Kama bomba linaingia ukutani, pima kutoka sakafuni hadi katikati ya bomba. Masinki mengi ya aina hiyo yana mdomo wenye kimo cha karibu sentimita 18. Sasa kumbuka jambo ambalo huwaponyoka wengi: lipu na marumaru mpya huongeza unene. Ukuta ukijaa sentimita 2, umbali hadi tundu umepungua sentimita 2. Sakafu ikipanda sentimita 4, sinki limepanda nazo na bomba limebaki chini. Pima kwa sakafu itakayokuwa, siyo iliyopo.

Na usikubali sinki lizikwe kwenye zege. Sinki la kauri lililozungukwa na saruji ngumu hupasuka kitako, kwa sababu halikukaa sawasawa kila mahali na haliwezi kulegea hata kidogo mtu anapokalia. Tena siku ya kulitoa ni lazima livunjwe. Toboa sakafu, weka plagi za plastiki na skrubu zisizoshika kutu, kaza kwa zamu kushoto na kulia bila kutumia nguvu nyingi, kisha ziba pembeni kwa silikoni. Nyuma acha nafasi ya vidole viwili bila silikoni: maji yakivuja chini ya sinki yatatokea hapo uyaone, badala ya kujificha miezi sita.

Upande wa maji yanayoingia, mabomba ya chuma ya zamani huoza kutoka ndani. Kutu hujaza bomba hadi la nusu inchi linabaki na tundu la kalamu, ndiyo maana mtu hubadilisha kichwa cha kuogea mara tatu na maji bado ni ya kudondoka. Usihangaike kuyachimbua yote. Yakate, yazibe kwa plagi, yaache yafie ukutani, kisha pitisha bomba jipya la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la milimita 20 kwenye njia mpya. Kwa bafu la ukubwa huu, maji ya baridi tu, tunaagiza vipande 3 vya mita 4, elbo 8 (viungo vya kona), tii 3 (viungo vya njia tatu), elbo 4 zenye nyuzi za shaba ndani kwa ajili ya koki, valvu 1 ya kufungia bafu zima, na koki ndogo za pembeni 2 za choo na beseni. Valvu ya bafu zima usiiruke. Bila hiyo, kila raba ikichakaa unafunga maji ya nyumba nzima.

PPR huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye mashine sekunde 5 na kuingia karibu milimita 14. La milimita 25 linakaa sekunde 7. Weka alama ya kina kwa penseli. Fundi akizidisha muda au akisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hukunjamana ndani na kuziba tundu: kwa nje kiungo ni kizuri, kwa ndani umeshajitengenezea bomba la zamani. Ukisukuma usizungushe, nyoosha tu, shikilia bila kutikisa, kisha kiache dakika mbili. Kama ndani ya bomba kuna maji yanayodondoka, kiungo hakishiki, kwa sababu maji hupoza plastiki na mvuke huacha vijitundu. Hili hutokea sana pale bomba jipya linapoungwa kwenye mfumo uliofungwa kwa koki mbovu. Maungio ya PPR na chuma cha zamani yawe nje ya ukuta, mahali mkono unafika.

Elbo za koki zipangwe kwa uso wa marumaru. Hesabu: lipu sentimita 1.5, gundi nusu sentimita, marumaru chini kidogo ya sentimita moja. Elbo ikizama, utanunua nipeli (vipande vifupi vya bomba vyenye nyuzi) za kurefusha. Ikichomoza, kikombe cha koki hakitafunika tundu. Kwa bomba la kuchanganya maji ya moto na baridi, umbali kati ya matundu mawili ni milimita 150 kutoka katikati hadi katikati, na yawe sawa kwa pima maji, kwa kuwa yakipishana hata kidogo bomba lote litakaa upande. Kimo cha koki ya kuogea ni mita 1 hadi 1.1, kichwa mita 2 hadi 2.1, mdomo wa beseni sentimita 80 hadi 85.

Kabla ya kufukia, jaza maji, funga miisho kwa plagi, uache usiku kucha kwenye msukumo kamili. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Unyevu mdogo ambao jicho halioni huonekana kwenye karatasi. Kisha piga picha kuta zote kwa simu, futi kamba ikiwa imewekwa ukutani ndani ya picha. Siku ya kutoboa ukuta kutundika kioo, picha hiyo itakuonyesha bomba limepita wapi.

Maji yanayotoka ndiyo huleta malalamiko ya harufu. Watu hununua dawa za manukato wakati kinachokosekana ni maji ndani ya trapu. Trapu ni pindo linalobaki na maji, karibu sentimita 5, yanayozuia hewa ya shimo isirudi ndani. Harufu huja kwa sababu chache: trapu haikuwekwa kabisa, bomba likaingia moja kwa moja chemba; au bafu halitumiki, maji yakakauka, na dawa yake ni kumwaga ndoo kila baada ya wiki mbili; au bomba la hewa halipo, hivyo choo kikiflashiwa hunyonya maji ya trapu ya jirani yake, na unasikia sauti ya kubwabwaja sakafuni. Panda na bomba la hewa hadi juu ya paa. Kwenye nyumba za zamani sana angalia kwanza bomba la hewa lililopo na mabati ya kijivu yasiyo ya chuma: huenda ni ya asbesto. Usiyakate kwa grenda wala kuyatoboa, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Yaache yalivyo, pitisha bomba jipya pembeni.

Bafu nyingi za zamani humwaga maji ya kuoga kupitia tundu la ukutani hadi kwenye karo la nje. Wengi wanaona aibu nalo. Kama karo lina gali trapu (trapu ya nje) yenye maji na mteremko unakubali, liache. Weka wavu tu kuzuia panya na nywele.

Sasa sakafu. Hapa usibane matumizi, kwa kuwa mteremko hutengenezwa kwenye zege na siyo kwenye marumaru. Fundi anayetaka "kurekebisha na gundi" ataacha dimbwi kwenye kona. Eneo la kuogea liwe na mteremko wa sentimita 2 kwa mita, sehemu nyingine sentimita 1 inatosha, na sakafu yote ya bafu iwe chini ya ukumbi kwa angalau sentimita 2. Niru ya zamani ni laini mno, zege jipya halishiki juu yake. Igongegonge kwa tindo uso mzima, ioshe vumbi, ilowanishe, paka uji wa saruji wenye gundi ya kushikisha, na umwage zege uji ukiwa bado mbichi. Unene usipungue sentimita 3, kwa sababu zege la sentimita moja huinuka na kupasuka. Kwa sakafu ya mita za mraba 3.15 na wastani wa sentimita 4, mchanganyiko wa 1 kwa 4 (saruji moja, mchanga nne) unakula mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 na ndoo 7 za lita 20 za mchanga. Ongeza dawa ya kuzuia maji ya unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kilo 1 kwa mfuko.

Mchanga wa huku kwetu ni mweusi wa volkano, mwingine mzuri, mwingine umejaa vumbi. Upime: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope likapita milimita 8, urudishe au uoshwe. Tope hufunika chembe, saruji haishiki, na zege hubaki la kukwaruzika kwa ukucha. Baada ya kumwaga, mwagilia siku saba. Mjini Moshi, kwenye joto la Januari na Februari, fanya hivyo asubuhi na jioni na ufunike kwa nailoni.

Kama fedha inaishia hapa, piga niru mpya. Watu wameidharau bila sababu. Zege likiwa bado bichi, nyunyiza saruji kavu iliyochanganywa na rangi nyekundu ya sakafu, kandamiza kwa mwiko wa chuma hadi ing'ae. Kwenye sehemu ya kuogea usiing'arishe, pitisha ufagio mlaini uache mistari, kwa sababu niru laini yenye sabuni huangusha watu. Niru iliyomwagiliwa vizuri hudumu miaka mingi, na ukipata fedha itapokea marumaru baadaye, ukiigongagonga kwanza kwa tindo.

Juu ya zege, chini ya marumaru, huja dawa ya kuzuia maji ya kupaka kwa brashi, ile ya saruji yenye plastiki. Lami usitumie hapa, gundi ya marumaru haishiki juu ya lami. Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na kwenye kona za ukuta na sakafu na kuzunguka trapu zika kitambaa cha wavu katikati ya mikono hiyo miwili. Ukibanwa na fedha, paka sakafu yote, panda sentimita 20 kwenye kuta zote, na kwenye kona ya kuogea panda hadi mita 1.8. Ikikauka, ziba trapu kwa mfuko wenye mchanga, jaza maji ya sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli ukutani, subiri saa 24. Weka na beseni la maji pembeni lenye alama yake, kwa kuwa maji hupungua kwa hewa pia. Sakafu ikipungua sawa na beseni, umefaulu. Ikipungua zaidi, maji yamepata njia, na bado ni rahisi kuitafuta.

Marumaru ukutani hazihitajiki pande zote. Kuta zote hadi mita 1.8, ukitoa mlango wa sentimita 70, ni mita za mraba 11.7. Lakini maji hurukia kona ya kuogea tu: ukuta wa nyuma mita 1.5 na mbavu mbili za sentimita 90. Hiyo ni mita 3.3 kwa 1.8, karibu mita za mraba 6. Umeokoa nusu ya marumaru, gundi na ufundi. Kwa marumaru za 25 kwa 40, mita moja ya mraba inakula 10. Weka asilimia 10 ya kuvunjika, nunua 66. Sakafu kwa 30 kwa 30, baada ya nyongeza hiyo, ni 39. Soma namba ya toleo kwenye kila boksi zifanane, maana rangi hupishana kidogo, na kidogo hicho huonekana ukutani. Kwa sakafu chagua zenye uso wa kukwaruza. Zinazong'aa ni za sebuleni.

Mafundi wa zamani waliloweka marumaru kwenye ndoo na kuzibandika kwa uji wa saruji. Hiyo ilifaa kwa marumaru za udongo zinazonyonya maji. Nyingi za sasa, hasa zile nzito za posilini, hazinyonyi karibu chochote, na uji mtupu wa saruji hauzishiki. Baada ya muda ukizigonga zinalia. Tumia gundi ya unga. Mfuko wa kilo 20 kwa mwiko wa meno ya milimita 6 unatosha mita za mraba 4 hadi 5, hivyo kwa kazi yetu ya mita 9 na kitu, mifuko 2 ni ya kubahatisha na 3 ni ya uhakika. Usipake madonge matano nyuma ya marumaru. Maji hukaa kwenye uwazi, na mtu akiangusha ndoo marumaru inapasuka. Sambaza kwa meno upande mmoja, bandika, sukumiza kidogo mbele na nyuma. Kila baada ya marumaru kumi bandua moja uangalie: gundi iwe imefunika karibu mgongo wote.

Kubandika marumaru mpya juu ya za zamani inawezekana, nayo inaokoa gharama ya kuvunja na kubeba kifusi, ila kwa masharti. Za zamani zisilie zikigongwa, na zikwaruzwe kwa grenda hadi mng'ao uondoke. Mlango utakatwa chini, na kimo cha choo kitabadilika kama tulivyosema. Sakafu yenye unyevu chini yake usiifunike hivyo. Kwenye kona zote, ukuta na ukuta, ukuta na sakafu, usiweke grauti. Weka silikoni. Nyumba hutikisika na kutanuka kidogo, grauti hupasuka, na maji huanzia hapo. Grauti nyingine yote isubiri gundi ikauke saa 24. Arusha mwezi wa Juni hadi Agosti tunasubiri 48, baridi huchelewesha saruji kushika.

Baridi hiyo ndiyo inayofanya maji ya moto yawe hitaji, na hapa tunaona hatari nyingi kuliko mahali pengine. Kichwa cha kuogea cha umeme cha wati 5,500 kwenye volti 230 kinavuta karibu ampea 24. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliotolewa kwenye soketi ya jirani hupata moto, na ganda lake huyeyuka ndani ya ukuta bila mtu kuona. Kinahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, milimita za mraba 4 kwa njia fupi au 6 kwa njia ndefu au inayopita darini penye joto, swichi ya kujikata ya ampea 32, kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampea 30, na waya wa ardhini uliofika ardhini kweli. Ule mtekenyo mdogo unaousikia ukigusa koki ni umeme unaotafuta njia kupitia mwili wako. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kama fedha ya waya haipo, ahirisha kichwa cha umeme, chemsha maji ya ndoo. Ila waya upitishe sasa kabla ya lipu. Kwa matumizi, dakika 6 za kuoga ni uniti 0.55, familia ya watano ni uniti 2.75 kwa siku. Kitako cha simtanki kiwe juu ya kichwa cha kuogea kwa kimo kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, vingi huomba angalau mita 1. Chini ya hapo kifaa hakiwaki au hujikaanga. Weupe unaoziba vitundu vyake ni chokaa ya maji, kiloweke kwenye siki usiku mmoja. Floraidi ya maji ya Arusha hulaumiwa bure hapa, madhara yake yako kwenye meno na mifupa.

Kuta zisizo na marumaru ziwe na lipu ya 1 kwa 4, laini, kisha rangi ya mafuta. Lipu mpya isubiri wiki tatu hadi nne kabla ya rangi ya mafuta. Unyevu uliofungiwa ndani hutafuta kutoka na kuinua malengelenge, na mteja humlaumu muuza rangi. Ukishindwa kusubiri, paka rangi ya maji kwa sasa. Dirisha la luva usilizibe kwa kioo cha kudumu ili "lipendeze". Nunua vioo vilivyopungua, uweke wavu wa mbu. Kwenye miezi ya baridi mvuke wa maji ya moto huganda darini, na dari ya jipsamu huota ukungu na kulegea. Dari ya PVC au zege lililopakwa rangi linavumilia.

Bomba la kujisafishia la chooni lina mpira usiotengenezwa kukaa na msukumo siku nzima. Kila mtu afunge koki ndogo ya ukutani baada ya kutumia, la sivyo mpira utapasuka saa nane usiku. Mlango wa mbao huoza chini. Kata sentimita iliyooza, paka rangi ya mafuta hadi kwenye ukingo wa chini ambao mafundi hawaupaki kwa kuwa hauonekani, kisha pigilia bati la alumini upande wa ndani, kimo cha sentimita 20.

Fundi mlipe kwa hatua zinazoonekana: sehemu baada ya mabomba kulala usiku bila kuvuja, sehemu baada ya sakafu kukaa na maji saa 24, na iliyobaki wiki moja baada ya familia kuanza kuoga. Vifaa nunua mwenyewe na risiti zake, maana duka hukubali kurudisha elbo zilizobaki kama hazijaguswa na moto. Marumaru tano za sakafu na tano za ukuta usizirudishe. Ziweke darini pamoja na kiasi cha grauti kavu iliyofungwa kwenye nailoni, na andika juu yake namba ya toleo.